Goma: Dereva aliyetoka Sake, teksi iliyokosa nguvu na fundi anayepima kwanza

Wakati vita vilipokaribia Sake mwezi wa Februari 2024, maelfu ya watu walishika barabara ya kuelekea Goma. Wengi walienda kwa miguu, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Wengine walisukuma chukudu zilizojaa vyombo. Wachache walikuwa na gari, na kati ya hao wachache alikuwa dereva mmoja wa teksi, baba wa watoto sita. Katika gari lake dogo la esansi aliingiza mke, watoto, mama mkwe, jirani mwenye mimba kubwa na magunia mawili ya maharagwe. Toka Sake mpaka Goma ni karibu kilomita 25. Siku ile walitumia nusu ya siku nzima, sababu barabara ilijaa watu, mbuzi na chukudu.

Familia ilipata nafasi kambini, upande wa Lushagala, chini ya turubai. Shamba lilibaki Sake. Nyumba ilibaki Sake. Kilichobaki mkononi ni gari. Kila asubuhi baba alitoka saa kumi na moja, akabeba watu toka Mugunga mpaka Birere, na jioni alirudi na unga, makaa na sabuni. Waliokaa kambini wanajua maana ya jambo hilo. Chakula cha msaada hakikufika kila mwezi, na kilipofika hakikutosha. Mwenye kazi iliyoingiza hata franka elfu 15 kwa siku alilisha watu wa turubai yake, na mara nyingine wa turubai ya jirani.

Ndiyo sababu gari lilipoanza kukosa nguvu, hofu iliingia nyumbani kabla ya kuingia garajeni.

Mwanzo ilikuwa kidogo. Moteri ikisimama kwenye msongamano wa magari ilitetemeka kama mtu mwenye malaria. Kisha asubuhi demareri ilizunguka lakini moteri haikushika mpaka vijana wasukume. Kisha gari likawa linakula esansi nyingi, na likibeba abiria watano linachoka kwenye muinuko mdogo tu. Dereva alianza kuchukua abiria watatu. Alibadilisha buji zote nne, hakuna kitu. Alinunua filtri ya hewa, hakuna kitu. Aliacha kununua esansi kwa vijana wanaouza katika vidumu kando ya barabara, wale wanaoitwa Kadafi, akanunua kwenye kituo tu. Bado.

Fundi wa kwanza aliyemwendea alisikiliza moteri kwa dakika mbili, akafungua kifuniko cha kuwekea mafuta, akaona moshi kidogo unatoka, akafunga. Akasema moteri imekufa. Alitaja dola 650 kwa moteri nyingine ya okazio, pamoja na kazi. Kama pesa hakuna, alijua mtu ambaye angeweza kununua gari lile jinsi lilivyo, kwa dola 800, leo leo.

Dola 650 hazikuwepo. Binti mkubwa alikuwa mwaka wa sita wa sekondari na alikuwa anangoja kulipiwa mtihani wa serikali. Mama wa nyumba aliuza ndizi na karanga mbele ya kambi, na alikuwa na akiba kidogo katika likelemba ya wanawake. Usiku ule watu wakubwa watatu walikaa chini ya turubai wakapiga hesabu. Ukiuza gari kwa dola 800, unakula miezi minne, mitano. Baada ya hapo, nini? Ukikopa dola 650, nani atakukopesha, wewe ambaye huna hata mlango wa kufunga?

Mama mkwe ndiye aliyeuliza neno ambalo wengine hawakuliuliza. "Huyo fundi, alipima na nini?"

Dereva alijibu kwamba fundi alisikiliza.

"Hata kule hospitali wanasikiliza," mama mkwe akasema, "lakini kisha wanakutuma laboratware."

Fundi wa pili

Fundi wa pili anafanyia kazi Ndosho, katika kiwanja kilichozungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano, chini ya kipande cha bache. Ni mzee wa miaka hamsini na kitu. Naye si mwenyeji wa hapo. Alitoka Kiwanja, katika territware ya Rutshuru, mwaka 2022, wakati vita vilipofika kule. Garaje yake iliporwa. Alichoweza kubeba ni mfuko mmoja wa funguo, daftari, na manometri yake ya kupimia kompresio, aliyoifunga katika kitambaa cha watoto. Watu walimcheka njiani. Mwenzake alibeba redio, yeye alibeba saa ya kupima pumzi ya moteri.

"Muzee, gari yangu iko inavuta lakini haina tena nguvu," dereva alimwambia. "Wamesema moteri imekufa."

"Nani alisema?"

"Fundi mwengine."

"Alipima?"

"Hapana."

"Basi haijafa, mdogo wangu. Iko mgonjwa. Kama imekufa, tutaona kwa namba."

Akamwambia bei kabla ya kugusa kitu. Kupima ni franka elfu 10. Akipima na kukuta moteri imekwisha kweli, zitabaki zile zile elfu 10.

Pumzi ya moteri

Kwa wale ambao hawajafungua moteri, fundi huyu ana njia yake ya kueleza. Anachukua bomba la sindano lisilo na sindano, anaziba tundu kwa kidole, anasukuma. Kidole kinasikia hewa inabana. Hiyo ndiyo kompresio. Katika moteri ya esansi, pistoni inapanda ndani ya silinda na kubana hewa iliyochanganyika na esansi, mpaka inabaki katika nafasi ndogo sana. Kisha buji inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini na gari linaenda. Hewa isipobanwa vizuri, moto unakuwa dhaifu, hata kama buji ni mpya na esansi ni safi.

Sasa hewa hiyo inaweza kutoroka kwa njia tatu tu. Inaweza kupita pembeni ya pistoni, kama segimenti, zile pete za chuma zinazoizunguka, zimelika au zimevunjika. Inaweza kupita kwenye supapu, milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi, kama haifungi vizuri. Na inaweza kupita kwenye jwenti ya kilasi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya kichwa cha moteri na mwili wake. Njia hizo tatu hazina bei moja. Segimenti zikilika, kazi ni kubwa, moteri inafunguliwa yote. Supapu na jwenti, unafungua juu tu. Mtu anayesema "kompresio imeisha, nunua moteri" bila kujua hewa inapita wapi, ni kama mtu anayesema mtoto ana homa, andaeni jeneza.

Kabla ya manometri

Fundi hakukimbilia manometri. Alianza na vitu visivyo na gharama. Alivuta kijiti cha mafuta, akatazama kiwango na rangi. Mafuta yalikuwa meusi lakini hayakuwa kama chai ya maziwa, maana yake maji ya radiateri hayajaingia ndani. Alifungua radiateri ikiwa baridi na kuwasha moteri. Hakukuwa na mapovu. Alipima batri, maana batri dhaifu inazungusha moteri polepole na namba zote zinatoka chini bila kosa la moteri. Akamwomba dereva azungushe demareri huku buji zikiwa zimekatwa moto, na yeye akafumba macho.

Moteri nzima yenye silinda 4 inazunguka kwa mdundo ulio sawa, kama mtu anayetwanga mihogo. Hii ilikuwa na pengo. Mapigo matatu mazito, moja jepesi, inakimbia. Matatu mazito, moja jepesi.

"Umesikia?" alimwuliza kijana mmoja kati ya wawili wanaojifunza kwake. "Moja haibani. Tatu ziko hai. Moteri iliyokufa haitwangi hivi."

Hapo dereva, ambaye alikuwa amesimama mikono nyuma, alikaa juu ya jiwe.

Kisha fundi aliwasha moteri mpaka ikapata moto, akaizima, akatoa fyuzi ya pampu ya esansi na kukata moto wa buji, ili mafuta yasimwagike na cheche isirukie mtu. Akatoa buji zote nne, si moja moja. Watu wengi wanakosea hapo, wanatoa buji moja na kuacha tatu, demareri inachoka na namba inadanganya. Kila buji iliwekwa juu ya ubao kwa mpangilio wake. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia. Ya silinda ya 3 ilikuwa nyeusi na mbichi, inanuka esansi ambayo haikuwaka.

Akafunga manometri katika tundu la kwanza. Dereva aliambiwa akanyage mafuta mpaka chini na kushikilia hapo, ili hewa iingie bila kuzuiwa, kisha azungushe demareri mpaka mshale uruke mara sita. Ikawa hivyo kwa kila silinda, mara sita ile ile. Kijana mmoja aliandika katika daftari la shule.

Silinda ya 1, bari 11. Ya 2, bari 10 na nusu. Ya 3, bari 5. Ya 4, bari 10 na nusu.

Namba ya Goma si namba ya pwani

Dereva alisoma namba na uso ukabadilika. Shemeji yake ni fundi Mombasa, na katika simu alimwambia kwamba gari kama hilo likiwa zima linatoa bari 13. Kama ni hivyo, basi hata zile tatu ni mgonjwa.

Fundi alicheka kidogo. Mombasa iko kwenye usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1,500 juu, na hewa ya huku ni nyepesi zaidi, pungufu kwa karibu asilimia 16. Moteri inabana hewa iliyopewa. Ukiipa hewa pungufu, namba inashuka vile vile. Bari 13 za Mombasa ni kama bari 11 za Goma. Kule Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ni mita karibu 770, gari lile lile litatoa namba ya katikati. Na Butembo, ambayo iko juu kuliko Goma, litatoa chini zaidi. Fundi asiyejua jambo hilo anaweza kuuza moteri nzima ya watu kwa sababu ya kitabu kilichoandikwa kwa miji ya baharini.

Kwa hiyo anachokitazama kwanza ni ndugu nne kati yao. Zikiwa karibu sawa, tofauti isiyopita bari moja, moteri ina amani. Moja ikianguka peke yake, hapo pana tundu. Mbili zinazokaa jirani zikianguka pamoja, jwenti ya kilasi imepasuka kati yao, hewa inahama toka chumba kimoja mpaka kingine. Zote nne zikianguka sawa, usilie bado: tazama batri, uliza kama dereva alikanyaga mafuta mpaka chini, kisha tazama mkanda wa distribisio kama umeruka meno, maana supapu zikifunguka kwa saa isiyo yake hakuna silinda itakayobana. Baada ya hayo yote ndipo unasema pengine segimenti zote zimelika.

Kijiko cha mafuta

Silinda ya 3 peke yake. Sasa swali ni mlango gani.

Fundi alimimina kijiko kimoja cha mafuta ya moteri katika tundu la buji la silinda ya 3, akazungusha moteri mara chache ili yaenee, akapima tena. Mafuta hayo yanazunguka pistoni na kuziba pembeni kwa muda. Kama hewa ilikuwa inatorokea kwenye segimenti, mshale utapanda sana. Kama inatorokea juu, kwenye supapu au jwenti, mafuta hayafiki huko na mshale unabaki pale pale.

Mshale ulifika bari 5 na nusu.

Alifanya hivyo pia kwenye silinda ya 4, ili alinganishe. Ile ilipanda toka 10 na nusu mpaka 12. Fundi hakuficha maana yake. "Segimenti zako zimeanza kuzeeka, mdogo wangu. Ule moshi fundi wa kwanza aliona, ni kweli uko. Itakula mafuta kidogo. Lakini si hiyo inayokuua leo."

Kilichobaki ni kusikiliza hewa inapotokea. Kijana mmoja alikimbia kwa jirani anayeziba mipira ya pikipiki, akaomba kompresa kwa nusu saa. Fundi alizungusha moteri kwa mkono mpaka pistoni ya silinda ya 3 ikafika juu kabisa, supapu zake zote zikiwa zimefungwa. Dereva aliingiza vitesi vya tano, akakanyaga breki, na watu wote wakaambiwa waondoe mikono karibu na mikanda, sababu hewa yenye nguvu inaweza kuzungusha moteri ghafla na kukata kidole. Kisha hewa ikaingizwa katika tundu la buji.

Kila mmoja alipewa mahali pa kusikiliza. Kijana wa kwanza aliweka sikio kwenye njia ya kuingiza hewa: kimya. Wa pili kwenye tundu la kuwekea mafuta: pumzi kidogo, ya kawaida. Fundi alitazama radiateri: hakuna mapovu. Dereva alitumwa nyuma ya gari, ainame kwenye bomba la moshi, na mtu mwingine akashika breki.

"Muzee!" aliita. "Iko inapiga mluzi huku!"

Basi hewa ilikuwa inatokea kwenye bomba la moshi, na njia ya kufika huko ni moja tu: supapu ya moshi ya silinda ya 3 haifungi.

Kwa nini supapu ilishindwa kufunga

Fundi alifungua kifuniko cha juu na kuchukua vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Kati ya aksi inayosukuma supapu na supapu yenyewe lazima pabaki nafasi ndogo moteri ikiwa baridi. Kwa supapu za moshi za moteri nyingi za esansi ni karibu milimita 0.3. Miaka ikipita, supapu inajichimbia mahali inapokalia, inapanda kidogo kidogo, na nafasi inapungua bila kelele yoyote. Supapu yenye nafasi kubwa inapiga kelele, kila mtu anasikia na kutengeneza. Yenye nafasi ndogo iko kimya. Siku nafasi inapoisha, supapu haikai tena mpaka mwisho. Moshi wa moto unapita kwenye ufa huo, na supapu ya moshi, ambayo inapoa hasa inapokaa kwenye kiti chake, haipoi vizuri. Inaanza kuungua pembeni.

Kwenye supapu moja ya moshi ya silinda ya 3, hata kipande cha milimita 0.05 hakikupita.

Dereva aliuliza kama kosa ni ile siku ya kukimbia, gari lilipobeba watu wengi na kwenda polepole katika joto. Fundi alitikisa kichwa. Ile siku ilichosha moteri, alisema, lakini jambo hili lilianza zamani, pengine kabla vita havijasikika. Dereva alinyamaza kwa muda. Kumbe kwa miezi yote hiyo alikuwa amebeba moyoni kwamba ni yeye aliyeua gari kwa kumwokoa jirani pamoja na maharagwe yake.

Hesabu

Supapu, jwenti mpya ya kilasi, mafuta, filtri, kusaga na kazi ya mikono: dola 135. Fundi angeweza kusema dola 300 na dereva angekubali, maana mtu aliyekwisha kuambiwa 650 anaona 300 kuwa huruma. Naye fundi ana watoto, naye analala katika nyumba ya kupanga ambayo mvua inaingia. Alipoulizwa na kijana wake kwa nini hakupandisha bei, alijibu kwamba katika mji huu watu wameishaporwa ya kutosha njiani, haifai waporwe tena walikofikia.

Dereva alikuwa na dola 60. Mama wa nyumba alitoa zamu yake ya likelemba, dola 40. Zilizobaki 35 fundi alikubali zilipwe dola 5 kila wiki, bila karatasi.

Kazi ilichukua siku tatu. Kabla ya kutoa mkanda wa distribisio, alama zote zilichorwa kwa rangi nyeupe, ili kila kitu kirudi kwenye jino lake. Kilasi ilipotolewa, supapu mgonjwa ilionekana wazi: ukingo wake umeliwa upande mmoja, kama ukucha wa mtoto anayejing'ata. Kiti chake kilikuwa bado kizuri. Supapu mpya ilisagwa juu ya kiti hicho kwa unga wa kusagia, mkono unazungusha kushoto na kulia, mpaka ukatokea mstari wa kijivu usiokatika kuzunguka wote. Kisha fundi alimimina esansi kwenye njia ya moshi na kungoja. Hakuna tone lililopita. Aliweka rula ya chuma juu ya kilasi, huku na huku, kutazama kama imepinda kwa joto. Haikupinda. Nafasi ya supapu zote 16 ilipimwa, na vipande vya kurekebishia alivitafuta katika kopo la maziwa alilojaza vipande vya moteri za zamani. Bulonzi za kilasi zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, kidogo, kisha tena, kisha mwisho.

Moteri ilipopata moto walipima tena. Silinda ya 3: bari 10 na nusu. Kijana aliandika namba hiyo chini ya ile ya 5 na kupiga mstari.

Mambo ya kukumbuka

Kuna sababu magari ya Goma yanachoka mapema, na fundi huyu anazirudia kwa kila mteja. Ya kwanza ni vumbi. Vumbi la huku ni mawe ya volkano yaliyosagwa, ni kama msasa. Filtri ya hewa iliyotoboka inaingiza msasa huo moja kwa moja kwenye segimenti. Kupiga filtri chini na kuirudisha haitoshi, ikikwisha, badilisha. Ya pili ni mafuta ya moteri yanayokaa mpaka yanakuwa lami. Ya tatu ni radiateri iliyojazwa maji tu, tena machafu, mpaka siku moja moteri inachemka na kilasi inapinda. Ya nne ni esansi iliyochanganywa.

Na kabla ya kukubali kwamba moteri imekufa, mwenye gari ana haki ya kuuliza mambo manne. Namba za silinda zote ni ngapi? Kijiko cha mafuta kilibadilisha nini? Hewa inatokea wapi? Nafasi ya supapu imepimwa? Fundi anayejua kazi hakasiriki kwa maswali hayo. Gari la mazutu lina manometri yake, maana kompresio yake ni kubwa zaidi ya mara mbili. Usikubali lipimwe na ile ya esansi.

Kupima hakuleti habari njema kila siku. Wiki ile ile minibasi moja iliingia garajeni, mwenye nayo akitumaini kwamba naye ataambiwa ni supapu. Silinda mbili zisizo jirani zilitoa bari 6. Baada ya kijiko cha mafuta zote mbili ziliruka mpaka 10. Segimenti zimekwisha, na pengine silinda zenyewe zimelika. Fundi alimwonyesha daftari, akamwambia asitumie tena hata franka moja kwenye buji, aweke pesa pamoja mpaka zitoshe kufungua moteri yote. Mwenye minibasi aliondoka kichwa chini, lakini alilipa elfu 10 zake bila kubishana, sababu alikuwa amekwisha kununua buji mara tatu.

Vijana wawili wanaojifunza pale, mmoja ametoka Masisi na mwengine Rutshuru, wote wawili waliacha shule kwa sababu ya vita. Mwanzo walikuwa wanashika taa na kuosha vyuma. Sasa mmoja anafunga manometri na mwengine anaandika, na kesho wanabadilishana. Kila gari lina ukurasa wake: tarehe, namba nne za kwanza, namba nne za kijiko, na mstari mmoja unaosema hewa ilitokea wapi. Fundi hawaruhusu waandike neno "imekufa" katika daftari. Akilikuta, anawauliza: imekufa wapi? Na hawaendi kula mpaka waonyeshe.